Q'eswachaka: daraja la nyasi linalokatwa kila Juni

Juu ya mto Apurímac, katika wilaya ya Quehue, jimbo la Canas, kusini mwa mji wa Cusco nchini Peru, kuna daraja la kamba lenye urefu wa mita 28 hivi na upana wa mita 1.2. Liko takriban mita 3,700 kutoka usawa wa bahari. Kamba zake zote, kuanzia zile nene zinazobeba sakafu hadi zile nyembamba za kufungia ubavuni, ni nyasi tupu. Kila mwaka, mwezi wa Juni, wenyeji hulikata, huliachia liangukie mtoni na kulijenga upya kwa siku tatu. Siku ya nne ni ya kula, kunywa na kucheza.

Linaitwa Q'eswachaka, na linahesabiwa kuwa na zaidi ya miaka 500. Hapo ndipo ubishi huanza. Mtu aliyezoea kupima urithi kwa umri wa mawe atasema hili ni daraja la mwaka jana, kwa sababu hamna unyasi hata mmoja ndani yake uliovuka Juni mbili. Hesabu yake ni sahihi, ila anapima kitu kisichohusika. Kilichodumu Quehue ni utaratibu wa kazi: nani akate nyasi, nani asokote, kamba ngapi zidaiwe kwa kila nyumba, nani apewe kauli ya mwisho siku ya kuwamba. Daraja ni matokeo ya utaratibu huo, na utaratibu ukiruka mwaka mmoja tu, daraja linaanguka. Hili si jambo la kukisia, maana limekwisha kutokea mwaka 2021, nami nitalifikia.

Kwanza, kwa nini kamba, wakati Wainka, waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania na kujenga madaraja ya aina hii, walikuwa mabingwa wa mawe? Mtandao wa barabara zao, Qhapaq Ñan, ulikuwa na zaidi ya kilomita 30,000, ukipita katika nchi ambazo leo ni Colombia, Ecuador, Peru, Bolivia, Chile na Argentina. Waliopita humo walikuwa watu kwa miguu na misafara ya llama, mnyama anayebeba kilo 25 hadi 30 tu. Hapakuwa na farasi wala gari la magurudumu. Kwa hiyo daraja halikuhitaji kubeba mkokoteni. Lilihitaji kuvuka korongo pana bila kuweka nguzo katikati ya mto. Wainka walichonga mawe yakakaa pamoja bila chokaa, lakini tao hawakulijenga, na bila tao jiwe haliwezi kuruka umbali wa mita 28. Nguzo ya mawe ndani ya Apurímac ingesukumwa na mafuriko ya Februari msimu wa kwanza. Kamba inayoning'inia haina ugomvi na mto.

Wahispania walioingia mwaka 1532 waliyakuta madaraja haya na wakayaogopa, hasa walipotakiwa kuwavusha farasi. Waligundua pia kwamba ni silaha: majeshi ya Wainka yaliyorudi nyuma yaliyachoma moto ili kuwachelewesha. Daraja la nyasi huungua kwa muda mfupi na hujengwa tena kwa siku chache, sharti ambalo daraja la mawe haliwezi kulitimiza. Baadaye, wakati wa ukoloni, walijaribu kuweka tao la mawe juu ya Apurímac wakashindwa, na kamba zikaendelea kutumika. Daraja kubwa zaidi kwenye mto huohuo, karibu na Curahuasi, lilipimwa na msafiri Mmarekani Ephraim George Squier katika miaka ya 1860: futi 148, yaani mita 45 hivi. Lilitumika hadi mwishoni mwa karne ya 19. Kisha likaja zama za chuma na barabara za magari, na madaraja ya kamba yakaachwa moja baada ya jingine.

Q'eswachaka lilibaki. Liko mbali na njia kuu, na limezungukwa na jamii nne zinazolihesabu kuwa lao: Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue. Kuna daraja la chuma jirani linalopitisha magari, kwa hiyo hakuna anayelazimika kupita kwenye nyasi. Jambo hili wageni wengi hawalitegemei. Wanadhani daraja linajengwa upya kwa sababu watu hawana njia nyingine.

Nyasi na kamba ndogo

Nyasi inayotumika huitwa q'oya, jamii ya ichu, ile nyasi ngumu ya nyanda za juu za Andes. Si kila ichu inafaa. Inatakiwa ndefu na yenye unyumbufu, na wakati mzuri wa kuivuna ni baada ya mvua kwisha, ikiwa imekomaa lakini haijawa kavu ya kuvunjika. Ndiyo sababu mojawapo ya kazi kuangukia Juni: mvua zimekwisha, mto umeshuka na mavuno ya shambani yamekwisha kuingia ndani, kwa hiyo watu wana nafasi.

Nyasi hupondwa kwa jiwe la mviringo, kisha hulowekwa. Aliyewahi kuona makumbi ya nazi yakitayarishwa kwa kamba za pwani ataielewa kazi hii bila kuelezwa, ingawa q'oya haihitaji miezi ya kuozeshwa kwenye tope. Kuponda kunavunja ugumu wa bua ili lijipinde bila kukatika. Maji yanalainisha na kufanya nyuzi zikamatane. Ukisokota nyasi kavu, kila bua linavunjika pale linapopindwa, na kamba inayotoka inaonekana nzima kwa macho lakini ndani imejaa mivunjiko. Ukisokota nyasi iliyolowa kupita kiasi, kamba ikikauka inasinyaa na kulegea. Fundi hupima kwa viganja.

Kamba ndogo ndiyo q'eswa. Hutengenezwa kwa mafungu mawili ya nyasi. Kila fungu linasokotwa kwenda upande mmoja, kisha mafungu yote mawili yanazungushana kwenda upande wa pili. Misokoto hiyo miwili inavutana kinyume, na ndiyo inayoifunga kamba isijifungue. Bua lenyewe ni fupi, kwa hiyo kila baada ya hatua ndogo unaingiza nyasi mpya kabla ile ya zamani haijaisha. Kosa la kawaida la wanaojifunza ni kuingiza nyasi mpya katika mafungu yote mawili mahali pamoja. Hapo kamba inakuwa na kiungo dhaifu, na kamba ikivutwa inachomoka papo hapo. Viungo vinatakiwa vipishane.

Urefu wa kamba moja ndogo ni mita 70 hivi, na kila familia ina kiwango chake cha kuleta. Kazi hii hufanyika nyumbani kwa siku nyingi kabla ya Juni, na sehemu kubwa hufanywa na wanawake. Mila haiwaruhusu wanawake kufika darajani wakati wa ujenzi. Hukaa juu ya ukingo wa korongo wakiendelea kusokota. Picha zinazosambaa duniani ni za wanaume wanaoning'inia juu ya maji. Kwa kipimo cha mita za kamba, nadhani sifa imeelekezwa upande mmoja mno.

Siku ya kwanza: kutoka kamba mia hadi kamba moja

Kazi haianzi kabla ya sadaka. Paqo, yaani kuhani wa kienyeji, huwatolea Pachamama, yaani mama dunia, na roho za milima majani ya koka, mahindi na vitu vingine, akiomba watu wasidhurike. Sadaka huendelea kuchomwa wakati kazi inafanyika. Usimamizi wa ujenzi wenyewe uko mikononi mwa mafundi wakuu wawili, waitwao chakaruwaq, ambao ujuzi wao huupata kwa wazee wao.

Kamba ndogo hutandazwa sambamba barabarani na kunyooshwa kwa nguvu. Hapa kuna jambo linaloamua ubora wa daraja zima. Zikiwa nyingi namna hiyo, kamba ndogo lazima ziwe na mkazo ulio sawa kabla ya kusokotwa pamoja. Ikiwa thelathini zimelegea, hazitabeba kitu mpaka zile nyingine ziwe zimevutika vya kutosha, na huenda nyingine zikakatika kabla ya hapo. Kwa hiyo wanaume hupanga safu, huvuta kwa pamoja, hupigapiga na kukanyaga, kisha husokota fungu zima. Mafungu matatu ya aina hiyo husukwa kuwa kamba kuu moja. Kamba kuu ya sakafu hufikia unene wa futi moja, yaani sentimita 30 hivi, na ndani yake huwa na kamba ndogo zinazokaribia 120.

Fanya hesabu uone ukubwa wa kazi. Tuchukulie kamba kuu moja ina urefu wa mita 40, ili ivuke mita 28 na kubaki na sehemu ya kuzungushia nanga kila upande. Kamba ndogo 120 mara mita 40 ni mita 4,800. Karibu kilomita tano za kamba iliyosokotwa kwa viganja, kwa kamba kuu moja, kabla hujaongeza ile inayomezwa na msokoto na msuko wenyewe. Na kamba kuu ni sita: nne za sakafu na mbili za kushikia.

Mwaka 2007 wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani walijaribu kujenga daraja la namna hii, lenye urefu wa futi 60, chini ya John Ochsendorf, mhandisi aliyeyachunguza madaraja ya Wainka kwa miaka. Walitumia uzi wa katani, mmea uleule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Uzi ulihitajika maili 50 hivi. Na huo ulikuwa uzi wa kiwandani, uliokwisha kusokotwa tayari. Wenzao wa Quehue huanza na jani.

Siku ya pili: kuwamba

Kamba kuu ni nzito na haziwezi kurushwa. Kamba nyembamba huvushwa kwanza, kisha huvuta ile nene, na daraja kuukuu, kabla ya kukatwa, husaidia kuvusha. Baada ya hapo la zamani hukatwa na kuachiwa mtoni. Kwa kuwa ni nyasi tu, maji huichukua na kuiozesha. Hakuna taka ya kuzoa.

Sehemu kubwa ya siku hii huishia kwenye kuvuta. Wanaume kwenye kingo zote mbili huvuta, hufunga, hutazama, hufungua na kuvuta tena. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani wanapoteza muda. Kumbe hapa ndipo uhandisi wote ulipo, na namba chache zitaonyesha kwa nini.

Kamba inayoning'inia lazima inepe. Mvuto wa mlalo ndani yake hupatikana kwa kuchukua uzito kwa kila mita, kuuzidisha kwa urefu mara urefu, kisha kugawanya kwa mara nane ya mnepo. Tuweke mfano: daraja pamoja na watu lina kilo 80 kwa kila mita, urefu ni mita 28, na katikati limenepa mita 2. Jibu ni kilo 3,920, yaani karibu tani moja kwa kila kamba ya sakafu ikiwa zote nne zinabeba sawasawa. Sasa mtu aseme, "Vuteni zaidi, njia inyooke," mnepo ubaki mita 1 tu. Mvuto unaruka hadi kilo 7,840. Umeongeza mzigo wa kamba mara mbili bila kumpandisha mtu hata mmoja darajani.

Kwa upande wa pili, mnepo ukizidi, miteremko ya mwanzo na mwisho inakuwa mikali. Kwa mnepo wa mita 2, mtu anaanza kwa kushuka mteremko wa nyuzi 16 hivi, jambo linalovumilika. Ukifika mita 4, mteremko unakaribia nyuzi 30, na sakafu ya vijiti ikilowa itamtelezesha yeyote. Tena daraja lililonepa sana huyumba zaidi kwa upepo. Fundi anatafuta mahali kati ya hayo mawili, na lazima aongeze makadirio ya kulegea: kamba mpya hunyooka siku za kwanza kwa kuwa misokoto inajibana. Kwa hiyo huwambwa ikiwa imekaza kidogo kuliko anavyotaka ibaki.

Lililo gumu zaidi ni kuzisawazisha kamba nne. Moja ikilegea, zile tatu zinagawana kilo 3,920 na kila moja inabeba kilo 1,300 badala ya 980. Sakafu inapinda upande. Watu, kwa kuogopa, wanaegemea upande ulioinuka, na hivyo wanazidi kuzikandamiza kamba zilizokwisha kuelemewa. Ndiyo maana utaona wanaume wameketi juu ya kamba katikati ya korongo, wakizitikisa na kuzikalia. Wanajaribu ulinganifu kwa uzito wa miili yao.

Ncha za kamba huzungushiwa kwenye nanga za mawe yaliyochongwa, kila upande wa korongo. Nanga hizo ndizo sehemu pekee ya daraja isiyobadilishwa kila mwaka, na kwa maoni yangu hazizungumzwi vya kutosha. Nyasi mbovu itaonekana na kubadilishwa Juni ijayo. Jiwe lililoanza kusogea halitoi ishara hiyo kirahisi. Anayefanya ukaguzi wa kweli aanzie hapo: kama kuna ufa mpya, kama udongo nyuma ya jiwe umebebwa na mvua, kama ukingo ambao kamba hupindia umekuwa mkali. Kamba nene inapopinda juu ya jiwe lenye ncha, nyuzi za nje huvutwa na za ndani husagwa, na daraja likitikisika kila siku sehemu hiyo inalika polepole.

Siku ya tatu

Wasioogopa kimo huanza kufuma ubavu. Mafundi huingia kutoka kila upande, wamekaa juu ya kamba za sakafu, miguu ikining'inia, wakifunga kamba nyembamba kutoka kwenye kamba ya kushikia hadi kwenye ya sakafu, fundo baada ya fundo, mpaka wakutane katikati. Ufumaji huu hufanya kazi mbili. Unamzuia mtu, mtoto au mnyama asipenye pembeni, na unaziunganisha kamba za juu na za chini ili zisaidiane kubeba.

Umbali kati ya mafundo una maana. Yakiwa mbali mno, mguu unapenya. Yakiwa hayalingani, kamba ya kushikia inapinda kama nyoka, na mtu akiishika inamvuta nje badala ya kumtuliza. Vijiti hukingamishwa kati ya kamba za chini ili zisisogeleane, kisha mkeka wa vijiti na nyasi hutandazwa juu kuwa njia ya kukanyagia. Mkeka haubebi mzigo wa daraja; kazi yake ni kuugawanya uzito wa mguu juu ya kamba zote nne na kuzikinga zisikwanguliwe na viatu. Viatu vyenye soli ngumu za leo vinauchakaza upesi kuliko ndara za zamani.

Chuma hakitumiki. Hakuna msumari, waya wala winchi.

Kinacholiua

Mvua ni adui wa kwanza. Kuanzia Novemba hadi Machi nyasi hunyonya maji, daraja linakuwa zito, na ndani ya kamba nene unyevu haukauki hata jua likiwaka. Kuoza huanzia katikati, mahali ambapo macho hayafiki, huku nje kukibaki na rangi nzuri ya dhahabu iliyokolea. Mbinu rahisi ya kukagua ni kuangalia mnepo: daraja likishuka kwa kasi kati ya miezi miwili bila mzigo kuongezeka, ndani kuna nyuzi zinazoachia. Harufu na ulaini wa kamba karibu na nanga husema mengi pia.

Jua la mwinuko huo ni la pili. Linakausha nyuzi za nje na kuzifanya zivunjike. Upepo wa mchana unakuja wa tatu, kwa kulitikisa daraja na kuzisaga kamba kwenye nanga. Watu wenyewe si tatizo kubwa, mradi wasivuke kwa wingi wala kwa hatua za pamoja. Wakitembea mguu sawa kama askari, mtikisiko unajijenga juu ya mtikisiko.

Yote haya yanavumilika kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu kipimo ni mwaka mmoja. Juni 2020, kwa sababu ya korona, kazi haikufanyika. Nyasi za 2019 zikaingia msimu wa pili wa mvua, na mwishoni mwa Machi 2021 daraja likakatika na kuangukia mtoni. Wahandisi wangeweza kuitabiri tarehe hiyo bila kutoka ofisini. Juni 2021 wenyeji walirudi wakalijenga upya, safari hii bila daraja kuukuu la kuwasaidia kuvusha kamba za kwanza. Walifaulu kwa sababu waliokuwa wameifanya kazi hiyo miaka miwili kabla walikuwepo. Kazi ingekoma kwa miaka ishirini, nina shaka kama video na picha zote zilizopo zingetosha kumfundisha mtu namna ya kusawazisha kamba nne kwa makalio.

Ni urithi wa aina gani?

Peru ililitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2009. Desemba 2013 UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika maarifa, stadi na ibada za kulijenga upya kila mwaka. Angalia kilichoorodheshwa: maarifa na ibada, si daraja. Barabara ya Qhapaq Ñan, yenyewe, iliingia mwaka 2014 katika orodha nyingine, ile ya Urithi wa Dunia, kwa maombi ya pamoja ya nchi sita.

Wasomaji wa Kenya wana mfano wa karibu wa tofauti hiyo. Misitu ya Kaya za Mijikenda iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008, kama mahali. Mila zinazofungamana na kaya hizo ziliingia mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Msitu unaweza kuzungushiwa ua. Mila ya mzee kumrithisha kijana haizungushiwi chochote.

Kwa miaka mingi wataalamu wa uhifadhi walilea wazo kwamba kitu halisi ni kile chenye malighafi yake ya awali. Mkutano wa Nara, Japani, mwaka 1994 ulilegeza kamba hiyo: matumizi, ufundi na moyo wa kitu vikakubaliwa kuwa sehemu ya uhalisi wake. Haikuwa bahati kwamba Wajapani ndio waliolisukuma jambo hilo, maana hekalu lao la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya 62 ilikuwa 2013, mwaka uleule ambao Q'eswachaka liliingia UNESCO. Lakini Ise ina hazina, mafundi wa kudumu na misitu ya kupandiwa mbao. Quehue ina wakulima wa viazi na wafugaji wanaojipanga wenyewe kwa mfumo wa kazi za jamii, na vijana wao wengi hutafuta riziki mijini.

Shauri linalojirudia ni hili: kwa nini usiweke waya wa chuma ndani ya kamba ya nyasi, kwa usalama? Kiufundi ni shauri baya. Chuma ni kigumu mno kuvutika ukilinganisha na nyasi, kwa hiyo mzigo wote utaenda kwenye waya na nyasi itabaki kuwa vazi. Hakuna atakayejua kama kamba ya nyasi ni nzuri au mbovu, kwa sababu haijaribiwi na chochote. Nailoni ina shida iliyo kinyume: inanyumbuka kuliko nyasi, kwa hiyo nyasi itabeba mpaka ikatike, ndipo nailoni ipokee mzigo kwa mshtuko. Na kijamii ni shauri baya zaidi, kwani daraja lenye waya halimdai mtu chochote Juni. Familia ya kwanza itapeleka kamba nusu ya kiwango, na daraja halitasema kitu.

Tishio ambalo naona linastahili fedha na mawazo ni nyasi yenyewe. Q'oya hukua kwenye malisho yaleyale wanayolishiwa mifugo. Eneo likilishwa mno, bua linakuwa fupi, viungo vinaongezeka katika kila kamba, na kamba inadhoofika ingawa mikono iliyoisokota ni ileile. Anayetaka kulisaidia daraja angeanza na kutenga sehemu ya malisho na kuipumzisha, jambo lisilo na picha nzuri ya kuwaonyesha wafadhili.

Kwa wanaopanga safari: ujenzi huangukia kwa kawaida wiki ya pili ya Juni, na njia kutoka Cusco ni ya saa tatu hivi kwa gari. Kaa Cusco siku mbili za kuzoea mwinuko kwanza. Siku za ujenzi daraja halivukwi na wageni mpaka mafundi walifungue. Baada ya hapo, vuka mmoja mmoja, hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, mikono yote miwili kwenye kamba bila kuzivuta kwa ndani. Julai na Agosti kamba ziko imara kuliko wakati mwingine wowote. Ukifika Februari, lipigie picha ukiwa ukingoni, kisha uvukie daraja la chuma.